Kagua mdomo wa mbwa wako kabla mtaa haujamhukumu

HEBU nikuulize kitu na usinidanganye. Mara ya mwisho kuangalia meno ya mbwa wako ilikuwa lini? Si yale ya mbele anayomwonyesha mtu wa boda boda akipita. Nasema yale ya nyuma kabisa, kule shavuni, ambayo lazima uinue mdomo kwa kidole ndipo uyaone.

Kama jibu lako ni "sijawahi", karibu kwenye kikundi. Sisi kwetu tulimfuga Simba miaka mitano bila kuyaona. Nilijua sauti yake, nilijua anapenda kulala wapi, nilijua hata ni nani nyumbani anamrushia nyama kisirisiri. Lakini meno? Wacha wee. Meno ya mbwa ni ya mbwa, ndivyo nilivyofikiria. Atajipanga mwenyewe.

Fikra hiyo ilibakisha kidogo tu imuue.

Jioni ambayo Simba alimgeukia mtoto

Kwetu ni upande wa Nyamira, si mbali na Keroka, ule mji ambao ukivuka barabara huna uhakika kama bado uko Nyamira ama umeingia Kisii. Mimi mwenyewe nakaa Kisii mjini, chumba kimoja, si mbali na soko la Daraja Mbili, tangu niliporudi kutoka chuo bila cheti. Hiyo ni stori ya siku nyingine.

Wikendi moja nilikuwa nimeenda kuwaona wazazi. Jioni, mtoto wa dada yangu, msichana wa miaka sita, alikuwa anacheza na Simba uani kama walivyocheza tangu ajue kutembea. Akamkumbatia shingo, akaweka shavu lake juu ya shavu la mbwa. Simba akanguruma. Kabla mtu yeyote hajainuka kwenye kiti, alikuwa ameshamgeukia na kumshika mkono kwa meno. Aliachilia palepale, lakini ngozi ilikuwa imechubuka na damu imetoka kidogo.

Dada yangu hakupiga kelele. Alimbeba mtoto hadi kwenye mfereji, akaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano nzima, mtoto akilia na sisi tukisimama kama miti. Halafu wakapanda boda boda kwenda hospitali, usiku ukiingia. Sindano ya kwanza ya kukinga kichaa cha mbwa ilidungwa usiku huohuo. Kama kuna kitu kimoja utakachokumbuka katika makala hii yote, kumbuka alichofanya dada yangu, kwa mpangilio huohuo: sabuni na maji dakika 15, kisha hospitali bila kungoja asubuhi. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara mwisho ni kifo. Kabla hazijaanza, chanjo inaokoa.

Nyumbani nako mambo yalikuwa yameshachemka. Majirani walifika kabla hata boda boda haijapotea kwenye kona. Mmoja akasema amemwona Simba akidondosha mate. Mwingine akasema siku hizi hali vizuri, anaangusha ugali. Wa tatu akasema juzi aliruka mtu alipotaka kumgusa kichwa. Na ukweli ni kwamba yote hayo yalikuwa kweli. Sisi wenyewe tulikuwa tumeyaona, tukanyamaza.

"Huyo ana kichaa," wakakubaliana. Kuna aliyeshika rungu tayari.

Nikakimbia ndani kutafuta karatasi ya chanjo. Niliipata chini ya droo, imekunjwa mara nne. Ilikuwa ya miaka minne iliyopita.

Baba, ambaye ndiye alimleta Simba akiwa kidogo wa kutosha kwenye mfuko wa koti, alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Kesho asubuhi tutammaliza."

Siku kumi za mnyororo

Kilichomwokoa Simba ni simu. Mama alimpigia daktari wa mifugo anayetibu ng'ombe wetu, na akampa Baba azungumze naye. Daktari hakuwa na maneno mengi.

"Mzee, msimuue. Mfungeni kwa mnyororo mahali ambapo watoto hawafiki. Mwekeeni maji na chakula kwa mbali, mtu asimguse. Mhesabu siku kumi. Kama kichaa ndicho kilichomfanya aume, hizo siku hatazimaliza akiwa mzima. Na mtoto aendelee na sindano kama hospitali ilivyowapangia."

"Na akikata mnyororo, Daktari?" Baba akauliza.

"Mnunulie mnene, Mzee."

Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini alisisitiza hivyo. Mbwa aliyeuma mtu akikaa siku kumi akiwa mzima, ina maana wakati alipouma hakuwa na virusi vya kichaa kwenye mate. Hayo ni majibu ambayo familia nzima inayahitaji ili ilale usingizi. Mbwa aliyepondwa kichwa kwa rungu hatoi majibu hayo. Hata ule ubongo ambao maabara ingeupima unakuwa umeharibika. Mnabaki na mtoto, hofu, na maswali.

Siku ya nne nikaona kitu. Uso wa Simba ulikuwa umevimba upande mmoja, chini tu ya jicho la kushoto, uvimbe wa ukubwa wa limau dogo. Jirani akasema ni nyuki. Mwingine akasema ni jiwe alilorushiwa na mtu. Nikapiga picha nikiwa mbali, nikaituma kwa daktari.

Akajibu kwa maneno matatu: "Hapo ni jino."

Siku kumi ziliisha Simba akiwa hai, amekonda, lakini akitikisa mkia kila akimwona Baba. Daktari akaja, akamlaza usingizi kwa dawa, akainua mdomo. Nilichungulia juu ya bega lake. Sijasahau ile harufu. Jino kubwa la juu, lile la kukatia nyama, lilikuwa limepasuka katikati, na pembeni ya ufizi usaha ulikuwa unatoka. Meno yaliyolizunguka yalikuwa yamevikwa gamba la kahawia kama sufuria ya chai isiyosuguliwa mwaka mzima.

"Mnampa mifupa?" daktari akauliza.

Tulimpa. Kila Krismasi, kila harusi, kila matanga, Simba alipata mfupa wa paja la ng'ombe, tena tukijiona watu wa roho safi.

Kwa hiyo huyo ndiye alikuwa mbwa mwenye kichaa. Mbwa mwenye jipu la jino, aliyekuwa akiumwa kwa wiki kadhaa, na mtoto akamlalia palepale panapouma. Bili ya kung'oa jino moja ilizidi kodi yangu ya mwezi, na sindano za mtoto ziligharimu familia siku nyingi za kuchuma majani chai. Mswaki wa mtoto, ule laini wa dukani, hauwezi kufika hata robo ya robo ya hizo pesa.

Mbwa hasemi, na pia anakuficha

Utaniuliza, mbona hamkujua? Kwa sababu mbwa mwenye jino bovu kwa kawaida haachi kula. Njaa inashinda maumivu. Anahamisha chakula upande mwingine wa mdomo, anameza bila kutafuna, anaendelea na kazi yake ya usiku. Ukimwona ameacha kula kabisa kwa sababu ya jino, jua amevumilia muda mrefu kuliko ambavyo mimi na wewe tungevumilia.

Hebu tuingie mdomoni kidogo. Mbwa mzima ana meno 42. Wewe, kama yako yote yameota, unayo 32. Mtoto wa mbwa anaanza na meno 28 ya utoto, ambayo huanza kung'oka akiwa na umri wa miezi minne hivi, na kufikia miezi sita au saba ya kudumu yanakuwa yameota. Kama una kijibwa cha manyoya marefu, vile vidogo ambavyo watu wa mjini wanavipenda siku hizi, angalia kipindi hicho kwa makini. Wakati mwingine chonge la utoto linakataa kutoka, la kudumu linaota kando yake, na chakula kinajibana katikati. Midomo midogo yenye meno yaliyosongamana huharibika mapema kuliko ya mbwa mkubwa.

Baada ya kula, utando laini unajipaka kwenye meno. Huo ni bakteria, mate na mabaki ya chakula, na unaufuta kwa kitambaa tu. Ukiuacha siku chache, madini yaliyo kwenye mate yanaugandisha unakuwa ukoga, lile gamba gumu la manjano au kahawia. Ukoga hautoki kwa mswaki. Unakaa pale ukikusanya utando mwingine juu yake, bakteria wanateremka chini ya ufizi, ufizi unakuwa mwekundu na kutoa damu, na pole pole mfupa unaoshika jino unaliwa. Mwishowe jino linalegea. Bakteria hao pia wanaweza kupenya na kuingia kwenye damu. Mbwa wengi wakifikisha miaka mitatu tayari wana dalili za mwanzo za ugonjwa wa fizi.

Kwa upande mwingine, mbwa hawatoboki meno kirahisi kama sisi. Shida yao ni fizi, na meno yanayovunjika. Ndiyo maana ile harufu ambayo tunaiita "harufu ya mbwa" si ya mbwa hata kidogo. Mdomo wa mbwa mwenye afya haunukii waridi, lakini pia haukufanyi ugeuze uso.

Dalili nyingine za kukupa wasiwasi ni hizi: anadondosha chakula, anatafuna upande mmoja, anajikuna mdomo kwa mguu wa mbele, mate yanamtoka kuliko kawaida, unaona damu kwenye kitu alichokuwa anatafuna, anakwepa kuguswa kichwa, au uso unavimba chini ya jicho. Mizizi ya lile jino kubwa la juu inafika karibu na hapo, ndiyo sababu daktari alijua kwa kuangalia picha tu.

Kabla hujaingiza kidole: chanjo

Hapa sitanii. Usianze kuosha meno ya mbwa ambaye hajachanjwa dhidi ya kichaa. Kabisa. Unaenda kuweka vidole vyako ndani ya mate yake, na vidole vyetu huwa na michubuko midogo hata hatuioni.

Kichaa cha mbwa si hadithi ya nyanya ya kutisha watoto. Kilithibitishwa humu nchini kwa mara ya kwanza mwaka wa 1912, kwa mbwa, na bado kipo. Serikali ilizindua mkakati mwaka wa 2014 wenye lengo la kumaliza vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Ili ugonjwa usiendelee kusambaa katika eneo, mbwa kama 70 kati ya kila 100 wanafaa kuwa wamechanjwa. Kwa hiyo hata huyo wako mmoja anahesabika. Chanjo ni kila mwaka, kuanzia akiwa na umri wa miezi mitatu, na karatasi yake usiikunje mara nne uitupe chini ya droo. Karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, chungulia matangazo ya idara ya mifugo ya kaunti yako, kwa sababu kampeni za chanjo mara nyingi hupangwa kipindi hicho.

Na kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui. Kichaa hakiji kwa ukali kila mara. Kuna mbwa ambaye kichaa kinamnyamazisha: taya linalegea na kuning'inia, mate yanatiririka, hawezi kumeza. Ukimwangalia utaapa kwamba mfupa umemkwama kooni. Huruma inakushika, unatia mkono kuutoa. Usifanye hivyo! Mbwa yeyote aliyebadilika ghafla, hawezi kufunga mdomo au kumeza, hasa ambaye hajachanjwa, mfungie mahali salama na upige simu kwa daktari wa mifugo. Mkono wako ubaki mfukoni.

Kazi yenyewe: wiki tatu za upole

Sawa, mbwa wako amechanjwa, ni mtulivu, hana uvimbe wala fizi zinazotoka damu. Sasa tuanze. Huhitaji kitu cha bei. Mimi nilianza na kitambaa safi cha pamba, maji ya kunywa na subira. Subira ndiyo ilikuwa ngumu kupata.

Wiki ya kwanza usioshe kitu. Kila jioni, akiwa ameshiba na ametulia, keti kando yake, si juu yake. Mguse shavu, inua mdomo wa juu kwa sekunde mbili, achilia, msifu, mpe kipande kidogo cha nyama au karoti. Basi, umemaliza. Simba alinikatalia siku tatu. Sikumlaumu, mara ya mwisho mtu kumgusa hapo palikuwa na moto.

Wiki ya pili, zungushia kidole kitambaa, kichovye kwenye maji au supu ya nyama iliyopoa isiyo na chumvi wala kitunguu, kwa sababu kitunguu ni sumu kwa mbwa. Pitisha kidole juu ya meno mawili matatu upande wa nje. Kesho ongeza moja. Usishindane naye. Akigeuza kichwa mara ya pili, umeambiwa imetosha leo.

Wiki ya tatu, leta mswaki. Mswaki laini wa mtoto unatosha, uwe wake peke yake. Huhitaji kumfungua mdomo. Ukiwa umefungwa ni sawa, unainua tu ngozi ya shavu. Ulaze mswaki mshazari pale ufizi unapokutana na jino, kisha zungusha taratibu. Anza na meno makubwa ya juu ya nyuma, kwa sababu huko ndiko ukoga unapenda kujenga. Halafu chonge, halafu ya chini, ya mbele mwisho. Upande wa ndani usikutese sana, ulimi wake unafanya sehemu ya kazi hiyo.

Dakika moja au mbili zinatosha. Kila siku ndiyo bora. Ukishindwa, basi angalau mara tatu kwa wiki. Mara moja kwa mwezi ni kujidanganya, maana ukoga hausubiri hadi mwisho wa mwezi kama mshahara.

Vitu vya kuacha pale vilipo

Dawa ya meno yako, iache bafuni. Wewe unatema, mbwa anameza. Zina floridi na povu lisilofaa tumbo lake, na baadhi zina sukari mbadala iitwayo xylitol, ambayo pia iko kwenye baadhi ya chingamu zisizo na sukari. Kwa mbwa hiyo ni sumu: inashusha sukari ya damu kwa kasi na inaweza kuharibu ini. Kama unataka dawa, kuna za mbwa zenye ladha ya nyama au kuku. Usipoipata kwa agroveti, maji peke yake yanafanya kazi, kwa sababu kinachotoa utando hasa ni kule kusugua.

Mkaa, majivu, chumvi na magadi pia viache jikoni. Najua nyanya zetu walisafisha meno kwa mkaa na walikuwa na tabasamu la kuonea wivu. Lakini hapa unasugua mdomo wa kiumbe kitakachomeza kila kitu, na mkaa unakwaruza jino.

Kisu, bisibisi, na kikata kucha, jamani! Kuna kijana mtaani aliniambia anakwangua ukoga wa mbwa wake kwa ncha ya kisu na meno yanabaki meupe. Yanabaki meupe juu. Umeacha mikwaruzo ambako utando mpya utashika vizuri zaidi, umekata ufizi, na ugonjwa wenyewe uko chini ya ufizi ambako kisu hakifiki. Ukishaona gamba gumu, kazi ya nyumbani imeisha na ya daktari imeanza.

Mifupa sasa. Mfupa uliopikwa unavunjika vipande vikali vinavyoweza kutoboa utumbo. Mfupa mzito wa ng'ombe, hata mbichi, unavunja jino. Kanuni niliyopewa ni rahisi: bonyeza kwa ukucha, na kama ukucha hauachi alama hata kidogo, hicho ni kigumu mno kwa meno yake. Ukitaka picha, fikiria jiwe la Tabaka. Wachongaji wanalichonga kwa panga na kisu kwa sababu ni laini, na bado ni jiwe, hungemwekea mbwa alitafune. Basi mfupa wa paja, ambao wewe mwenyewe unaupiga kwa shoka ndipo upasuke, unamwekea wa nini? Mpe karoti mbichi nzima. Simba aliidharau mwanzoni, sasa anaiiba shambani.

Na tafadhali, akiwa na maumivu usimpe dawa za binadamu. Paracetamol, ibuprofen, diclofenac, zote zinaweza kumdhuru vibaya, hata kumuua. Huruma yako isiwe ndiyo inamzika.

Ukifika kwa daktari

Kuondoa ukoga ipasavyo, hasa ule wa chini ya ufizi, kunahitaji mbwa alazwe usingizi kwa dawa. Mbwa aliye macho hawezi kukaa akisubiri umguse panapouma. Kwa hivyo mtu akikuambia atamkwangua hapo uani kwa dakika tano bila dawa, mshukuru na umsindikize hadi kwenye geti.

Ni kweli kwamba huku kwetu madaktari wengi wa mifugo siku yao inaisha kwa ng'ombe. Uliza mapema kama anashughulikia meno ya mbwa, na kama hafanyi, akuelekeze kwa mwenzake anayefanya. Uliza pia kama amesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Hilo si swali la dharau. Sheria inamtaka awe amesajiliwa, na mwenye usajili haoni shida kukuonyesha.

Najua wapo watakaosema, huyu kijana amepata muda. Watu hawana pesa za daktari wa meno wao wenyewe, unatuambia habari ya mbwa? Nimeisikia hiyo, hata Baba aliisema. Lakini rudi uangalie hesabu ya nyumba yetu: sindano za mtoto, nauli za kwenda na kurudi hospitalini, siku za kazi zilizopotea, jino lililong'olewa, na mbwa mlinzi aliyebakisha usiku mmoja tu auawe kwa kosa ambalo halikuwa kichaa. Yote hayo yangezuilika kwa kitambaa, chanjo ya kila mwaka, na mtu mmoja wa kuinua mdomo wa Simba mara moja kwa wiki na kuangalia.

Huyo mtu sasa ni Baba. Mimi nilimfundisha wikendi mbili, nikarudi Kisii nikidhani ataacha. Mwezi uliofuata nilimkuta ameketi kwenye kigoda, miwani puani, tochi ya simu imewashwa, anamwambia mbwa kwa Ekegusii atulie. Simba ametulia. Ana meno 41, na karatasi yake ya chanjo iko ukutani, kando ya kalenda.

Mtoto wa dada yangu alimaliza sindano zake na kovu ni dogo, utalitafuta ndipo ulione. Lakini bado hajarudi kumkumbatia Simba. Anasimama hatua nne nyuma na kumrushia karoti. Hatumlazimishi. Simba naye anaichukua taratibu, anaenda kuitafunia mbali, kama anayejua.

Leo jioni ukifika nyumbani, kama mbwa wako amechanjwa, mwite. Inua mdomo, angalia kule nyuma, halafu umnuse. Ukiona gamba, uvimbe ama damu, usingoje akuambie.